Vanishi Juu ya Ua Jekundu

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe kumi na nne, asubuhi, chai ikiwa bado inafuka moshi mezani. Gari la matangazo lilipita likibweka kwamba ukaguzi wa vyombo vya majini sasa si Jumamosi, ni kesho. Kwa nini? Halikusema. Wakubwa hawatoi sababu, hutoa amri.

Mgane mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Lawama kwa kuwa hata mvua ikichelewa alimshtaki diwani, aliacha chai yake akakimbilia uani. Huko, juu ya viti viwili, ilikuwa imelala kayaki yake, mtumbwi wa mtu mmoja, mwembamba kama ganda la kunde. Alikuwa ameiunda kwa mikono yake tangu mkewe alipofariki. Ubavuni alikuwa amechora ua kubwa jekundu, amelinakili kutoka kwenye foronya aliyoidarizi marehemu. Foronya ilikuwa imechakaa, nyuzi zinachomoka zenyewe. Ndiyo maana alitaka ua lile likae chini ya vanishi, mahali ambapo halitafutika tena.

Rangi ilikuwa haijakauka. Alijua. Aliigusa, ikamnata kidoleni.

"Mwenye haraka ni serikali, si mimi," alinung'unika, akafungua kopo la vanishi.

Brashi ilipita salama kwenye mbao tupu, ikaacha mng'ao wa asali. Ilipolifikia ua, petali mbili zikaifuata kama mbuzi walioona majani, zikaburuzika mpaka karibu na mkia. Kila alipojaribu kuzirudisha, wekundu ukazidi kutanda.

"Diwani huyu!" alipiga yowe.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekaa nyumba ya jirani, alitokea na ufagio mkononi.

"Diwani kafanyaje tena, shemeji? Kakusukuma mkono?"

"Kaniharakisha!"

"Masikini diwani. Hata kukosea kwako akufanyie yeye." Akaiona kayaki, akacheka mpaka akashika ukuta. "Hilo ua limekimbia nini?"

"Cheka tu. Nilichobaki nacho cha dada yako ndicho hicho, na nimekifuta."

Kicheko kikamkauka. Lawama alikuwa tayari amelowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, anataka kufuta kila kitu, mbao zibaki uchi. Shemeji akamdaka mkono.

"Weka chini hicho. Umeishi na dada miaka yote ile. Ulishamwona akifumua?"

Lawama akakishusha kitambaa. Kweli, hakuwahi kumwona. Uzi ukienda kombo, mkewe aliufuata huko huko ulikokwenda. Yule konokono wa kwenye kitambaa cha meza alizaliwa hivyo hivyo, kutokana na jani lililokosewa.

"Lete rangi nyeusi," shemeji akasema.

Akachovya kijiti cha kiberiti, akaweka nukta kwenye ule wekundu, pale ulipoachana na ua. Uani kukawa na jicho linawatazama. Lawama akachukua brashi nyembamba, akavuta mstari mmoja wa kupinda.

"Pezi," akasema.

"Hilo ni bawa, shemeji. Pezi gani linaelekea juu?"

"Samaki wangu anaruka."

"Basi si samaki!"

Kiumbe kile, vyovyote kilivyokuwa, kilionekana kimelishika ua mdomoni, na petali zilizobaki zilikuwa nzima kabisa. Lawama alijikuta anacheka, jambo ambalo uso wake ulikuwa umelisahau.

Jua lilikaza siku nzima. Kwa bahati haliko chini ya manispaa. Jioni kidole hakikunata tena. Akapaka vanishi upya, nyembamba, kwa mkono mwepesi, kwa mwelekeo mmoja tu, shemeji akipunga gazeti kufukuza vumbi.

Kesho yake mkaguzi alifika ufukweni. Aligonga mbao, akatafuta pa kuvuja, akakosa. Akatoa kalamu.

"Alama ya chombo?"

"Samaki," akasema Lawama.

"Ndege," akasema shemeji, kwa pumzi ile ile.

Mkaguzi akainama, akainamia na upande wa pili, akajikuna kisogo. Mwishowe akatoa simu, akapiga. Lawama akaketi mchangani, ametulia tuli. Kwa mara ya kwanza maishani hakuona vibaya kuwasubiri wakubwa.

"Mkubwa, samahani. Kuna kitu hapa kimebeba ua mdomoni. Tukiite nini?"