Ndago za Fundi Timazi

Mtaani walimwita Timazi, jina la kile kichuma ambacho waashi hukining'iniza kwa uzi kupima kama ukuta umesimama wima. Alijenga kuta miaka arobaini na moja, na hakuna hata mmoja ulioinama. Nyumbani kwake hata viatu vilipangwa sawasawa, visigino ukutani. Mtu wa namna hiyo ukimpa ndago, umempa adui wa kweli.

Maana ndago si gugu la kung'oa ukakung'uta mikono ukaenda zako. Juu utaona vijani vyembamba, vinyenyekevu kabisa, kumbe chini zimefuga viazi vidogo vyeusi, ukubwa wa njegere, kimoja kimeshikana na kingine kwa kijiuzi. Ukivuta, kijiuzi kinakatika. Jani unabaki nalo mkononi, kiazi kinabaki chini kinakucheka.

Bustani ilikuwa ya marehemu mkewe, nyuma ya jiko, hatua nane kwa sita. Mama huyo alipokuwa hai hakuna ndago iliyothubutu. Alipoondoka, hata mwaka haukuisha, matuta yote ya nyanya na vitunguu yalikuwa yamemezwa. Timazi akashika jembe, akazikatakata kwa hasira kutwa nzima. Baada ya wiki mbili zilirudi, tena mara tatu ya zile za kwanza.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, bibi shamba anayewafundisha wakulima huko mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Simu zao zilikuwa fupi hadi zinatia aibu. Enzi za mama, binti akipiga, mzee alisema, "Ngoja nikupe mama yako," kazi yake imekwisha. Sasa hapakuwa na mtu wa kumpa simu.

"Baba, umeshindaje?"

"Salama."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Haya, Baba."

Basi. Mara moja kwa mwezi, na simu ikikatika nyumba ilikuwa kimya kuliko kabla haijalia. Mpaka mwezi ule mzee, kwa kukosa la kusema, akasema, "Ndago zimenishinda."

"Umezifanyaje?"

"Nimezikata na jembe."

"Mungu wangu, Baba! Si ndiyo umezigawia viwanja? Kila kiazi ulichokitenga na mwenzake kinachipua kivyake. Jembe weka chini, unasikia? Chimba mkono mzima kwenda chini, chekecha udongo, viazi vyote anika juani vikauke kabisa. Kesho nitakupigia nione umefika wapi."

Na kweli akapiga. Kesho yake akapiga tena.

Timazi alitoa stoo chekeche lake la mchanga na mwiko wake wa kupigia lipu, akaichekecha bustani nzima kama anayeandaa mchanga wa kujengea. Saa kumi na mbili jioni alinawa, akakaa kwenye kigoda, simu gotini. Alitoa ripoti: leo makopo mawili, leo kopo na nusu. Binti alicheka, alimkaripia, alimsifu. Ndago zikawafungulia mlango wa mengine. Mzee akajua kwamba mwanawe hanywi tena chai yenye sukari. Akajua anaogopa mbwa wa wakulima wake. Akajua kwamba naye huota mama yake amekaa bustanini, na akiamka hana wa kumwambia. Miaka thelathini na minne alikuwa baba wa mtu asiyemjua.

Kosa lake ni kwamba alikuwa fundi mzuri mno. Wiki ya sita udongo ulikuwa safi kama sakafu.

"Hongera, Baba! Basi umezimaliza," alisema binti.

Kesho yake hakupiga, wala keshokutwa. Saa kumi na mbili mzee alikaa kwenye kigoda hadi mbu wakamfukuza. Angeweza kupiga mwenyewe, lakini aseme nini? Umekula? Wiki mbili zikapita hivyo, akauchukia ule udongo safi kama mtu anavyomchukia mgeni aliyemfukuzia rafiki. Simu ilipolia hatimaye, binti alikuwa na haraka.

"Baba, umeshindaje? Hakuna iliyochipua?"

Timazi, ambaye maishani mwake hakumdanganya mtu hata inchi moja, akasema, "Zimerudi."

"Zimerudi!" Sauti ya binti ikachangamka. "Asubuhi nipigie picha, nizione."

Asubuhi mzee akabisha hodi kwa jirani yake mshonaji, ambaye uwanja wake wote ulikuwa ndago.

"Naomba ndago kidogo."

Mshonaji akamtazama juu ya miwani. "Fundi, watu huja kuomba chumvi. Wewe unaomba magugu?"

"Kidogo tu. Na viazi vyake."

Alimpa ndoo nzima, akamsindikiza kwa macho ya huruma. Mzee akapiga magoti, akazipanda kwa mwiko, akazishindilia taratibu zisilale. Akapiga picha, akatuma, akangoja.

Simu ililia papo hapo. Binti akasema polepole, "Baba. Zimesimama mstari."

Mzee akageuka kutazama. Mistari minne. Kati ya shina na shina, shubiri moja. Mwanzoni mwa mstari wa kwanza, kijiti kilikuwa bado kimechomekwa, uzi wake wa kujengea umening'inia.

"Ulivuta uzi, Baba?"

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alitafuta la kusema, akakumbuka kwamba hapakuwa na mtu wa kumpa simu.

"Nilivuta," akasema. "Ulikuwa hujapiga siku nyingi."

Akasikia binti akivuta kamasi. "Mimi nilidhani unachoka na maneno yangu," alisema kwa sauti iliyokatika. "Nikawa nangoja zichipue, nipate sababu."

Safari hii hakuna aliyekata simu.

"Usizing'oe," binti akasema mwishowe. "Nitakuja kuzing'oa mwenyewe."

Hakutaja siku, na mzee hakuthubutu kuuliza. Alibaki amesimama kati ya mistari yake hadi jua likawa kali, akaona majani yameanza kulegea. Akaenda jikoni, akajaza kopo maji, akarudi kumwagilia ndago, shina moja moja.