Mabati ya Umuganda

Asubuhi ya Jumamosi ya umuganda, wanaume walewale waliopigilia mabati juu ya nyumba ya Vénantie walipanda tena kuyang'oa. Umuganda ni kazi ya bure ya mtaa mzima, kila mwisho wa mwezi, na hakuna wa kukataa. Vénantie alisimama uani na karai mkononi, akisikiliza misumari inavyolia.

Ndani, mama yake Mukandekezi alikuwa akikohoa. Daktari alishasema mapafu yale hayataki unyevu. Dawa ya kwanza ilikuwa paa kavu, na paa lenyewe ndilo hilo lililokuwa likishushwa kipande kwa kipande.

Nyumba ilijengwa na Mbelgiji mmoja miaka ya hamsini: madirisha mapana toka sakafuni yakitazama ziwa, nguzo nyembamba, paa la saruji lililolala sawasawa kama meza. Sijui alidhani mvua ya Cyangugu ni ya wapi. Mume wa Vénantie, mwalimu, Mungu amrehemu, aliinunua kwa ng'ombe wote aliorudi nao kutoka Kongo. Alipokufa paa lilikuwa limeshachoka. Maji yalituama juu, yakashuka kitandani. Majirani wakaona haya. Kiangazi kilichopita Niyitegeka, mkuu wa mtaa, aliita umuganda, kila nyumba ikatoa bati, wakalitia paa lile mteremko wa mbao na mabati.

"Wema hauozi, Maman," alisema siku hiyo.

Hakuna aliyewaambia kwamba huko juu serikalini nyumba ilishatangazwa kuwa urithi wa taifa, isibadilishwe. Leo Niyitegeka hakumtazama Vénantie machoni.

"Papa Niyitegeka, ni wewe ulileta hizi bati."

"Minajua, Maman Vénantie. Lakini banasema tumeharibu. Tukikataa, banakunyanganya nyumba. Nifanye nini?"

Mbao zilipong'oka, saruji ilibaki na matundu mapya. Jirani mmoja, Mulume, akachukua bati lake, lile alilolitoa kwenye jiko la mke wake, akaondoka nalo kichwani bila kuaga. Upande wa Bukavu anga lilishakuwa jeusi.

Gisa, mtaalamu wa majumba ya kale aliyetoka Kigali, alizunguka nyumba polepole na kamera yake. Alikuwa mpole. Viatu vyake alivipangusa kabla ya kukanyaga kibaraza.

"Mama, nyumba hii si yako peke yako. Ni ya historia."

"Ikivuja, inavujia historia ao inavujia mama yangu?"

"Fundi atakuja kuitengeneza ilivyokuwa. Bajeti ikipatikana."

"Basi muniachie bati za chumba kimoja tu. Kule nyuma, muntu hawezi kuziona."

Gisa akalitazama paa kwa huruma, na huruma ile ilikuwa ya kweli. "Ingekuwa amri yangu ningekuachia, Mama. Lakini mstari ulionyooka wa paa utavunjika."

Vénantie alitamani kumpiga kwa karai. Akaingia nalo ndani, akaliweka kitandani, kando ya miguu ya mama yake, chini ya tundu.

Bati la mwisho likashuka. Nyumba ikasimama nyepesi, nyeupe, imeelekea ziwa. Ilikuwa nzuri, na hata Niyitegeka aliyekuwa akikusanya misumari aliinua kichwa akaitazama. Matone ya kwanza yakaanza. Gisa akakimbilia chini bustanini, mwanga usije ukampotea, akapiga magoti, akainua kamera. Kisha akaishusha.

"Mama," aliita kupitia lile dirisha pana. "Hilo karai linaonekana kwenye picha. Liondoe kidogo tu."

Vénantie akamtazama Niyitegeka. Mzee akainamisha kichwa taratibu, kama anayemwomba: fanya tu.

Akalichukua karai, akalikumbatia kifuani, akajibanza nyuma ya ukuta. Tone likaanguka kwenye blanketi. La pili likamwangukia Mukandekezi shingoni.

"Banamaliza?" mama yake aliuliza.

"Bado, Mama."

"Vizuri sana," Gisa alisema kutoka nje. "Mbaki hivyohivyo."