Kipuri Kilichopumua

Saa nne kasoro robo asubuhi, Mkutubi alikuwa akisafisha maktaba ya vipuri ya kiwanda. Haikuwa maktaba ya vitabu. Ilikuwa ndani ya kompyuta, na humo mlikuwa na michoro elfu sita ya vipuri vinavyopachikwa kwenye bodi za umeme, kila kimoja na vipimo vyake na idadi ya miguu yake. Wachoraji wa bodi walichukua humo walichotaka bila kuuliza, kama watu wachotavyo maji mtungini. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mtungi hauna uchafu.

Alipofungua mchoro wa kidhibiti umeme kimoja kidogo chenye miguu minane, kikapumua.

Kilipumua taratibu, kama mtoto mchanga aliyeshiba. Ukungu ulitanda kwenye kioo cha kompyuta, ukatoweka, ukatanda tena. Mkutubi akaufuta kwa kiganja, akaendelea kusoma vipimo.

"Hicho chako kina mafua?" Mnunuzi wa vipuri aliuliza kutoka meza ya pili.

"Hapana. Kinapumua tu."

"Haya," alisema, akarudi kwenye simu yake.

Saa nane mchana pumzi ikakatika. Mkutubi aliweka kiganja mbele ya kioo, akahesabu hadi arobaini, ndipo ikarudi. Hapo akakikumbuka kipuri kile. Alikichora mwenyewe miaka mitatu nyuma, meneja akiwa amemsimamia mgongoni, akisema bodi zinatakiwa jioni ile ile. Sasa alitafuta maelezo ya mtengenezaji, akasoma hata kurasa ambazo siku ile hakuzifikia. Chini ya tumbo la kipuri palitakiwa kuwa na kiraka cha shaba cha kutolea joto. Katika mchoro wake hapakuwa na kitu. Kikitumika saa nyingi kingechemka, kingezima, kingepoa, kisha kingewaka tena kama hakuna lililotokea.

Nacho kilikuwa kwenye mashine mia mbili za kuwasaidia watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, kupumua, zote zimeshasambazwa hospitalini.

Akampigia dada yake, muuguzi wa wodi ya watoto.

"Dada, ile mashine yenu huwa inazima?"

"Inapumzika, mdogo wangu. Karibu kila mchana. Tumeshaizoea. Tunamminyia mtoto mfuko wa hewa kwa mkono mpaka izinduke."

"Na kama uko peke yako?"

"Mwezi uliopita nilikuwa peke yangu," dada alisema. "Watoto walikuwa wawili kwenye mashine hiyo."

Mkutubi alikata simu. Alichora kiraka, akahifadhi, akaenda nyumbani. Asubuhi akakuta mchoro umerudishwa kama ulivyokuwa, na meneja amekaa kwenye kiti cha Mkutubi.

"Ukirekebisha, tumekiri," meneja alisema. "Na tukishakiri, hizo mia mbili nani atazifuata?"

"Na hii pumzi, bosi?"

Meneja aliinamia kioo, akasikiliza kwa utulivu, kama baba aliyechungulia kitandani kwa mtoto. "Mbona inapumua vizuri tu," alisema, akaondoka kwa kunyata.

Mkutubi aliziandikia hospitali zote. Hospitali zikaelekeza barua kiwandani, na kiwandani zikatiwa kwenye faili. Mfagiaji akaleta kitambaa laini cha kufutia ukungu. Mchoro ukaachwa wazi kwenye kioo siku zote. Pumzi ilipokatika, Mkutubi alimpigia dada yake, na dada yake alikimbilia kitandani kabla king'ora hakijalia. Kwa namna hiyo wodi ile ilikaa salama miezi miwili.

Alhamisi moja pumzi ikakatika saa tano asubuhi.

"Hapa yetu inapiga kazi," dada alisema kwenye simu. "Itakuwa ya kwingine."

"Wapi?"

"Mdogo wangu, mimi nitajuaje?"

Mkutubi alilaza simu mezani bila kuikata. Akahesabu kwa sauti hadi arobaini, akapita tisini, pumzi haijarudi. Kwenye meza ya pili, Mnunuzi alikuwa akiagiza vidhibiti vingine mia tatu vya miguu minane, akamwashiria kwa kidole apunguze sauti, kwa sababu hesabu ile inamchanganya.