Madawati ya Mwalimu Mkuu

Mwalimu mkuu wa shule ya mlimani alikuwa kwa kinyozi, povu limemjaa kidevuni, dawati la kwanza lilipoingia na kusimama nyuma yake. Kinyozi alilisukuma kidogo apate kupita, akaendelea kunyoa.

Ng'ambo ya barabara, Profesa wa sheria za elimu alikoroga chai iliyokwisha poa, akitabasamu peke yake.

Sheria aliitunga mwenyewe: dawati lisikae tupu ilhali mtoto anakaa sakafuni. Kamati iliipitisha kwa makofi, baada ya kukifuta kifungu cha adhabu. Ikabaki mbwa kibogoyo. Wezi wanampapasa kichwa. Mwalimu mkuu alikuwa na chumba kizima cha madawati mapya, amekifunga kwa ajili ya watoto wa wakubwa, hata wale ambao hawajazaliwa. Huko shule ya bondeni, binti wa kaka yake Profesa aliandika amelala kifudifudi, viwiko vimekomaa kama visigino. Profesa alikwenda naye mlimani kuomba nafasi.

"Mama, mtoto akizoea sakafu, hana pa kuanguka," mwalimu mkuu alimjibu.

Profesa alimshukuru. Akasimama getini, akakisoma kile kifungu kilichofutwa, kwamba dawati tupu litamwandama aliyelifungia, polepole, asiruke hata nukta.

Baada ya lile la kwanza yakafuata mengine. Yalipanga foleni naye benki. Yalikwenda naye mazikoni kwa wakwe, yakakaa kwa adabu. Chooni yalimngoja nje. Moja lililala kati yake na mkewe, na mkewe alisema angalau hilo halikoromi. Kila jioni Profesa alipita nyumbani kwa mwalimu mkuu kama anayemjulia hali mgonjwa, moyo ukimwagika asali.

Hatimaye mwalimu mkuu alimfuata ofisini, madawati yakajaa korido.

"Nimekoma, mama. Yaondoe."

"Wapokee watoto wa bondeni, yatatulia yenyewe."

Mwalimu mkuu alifikiri sana.

"Hao hapana," akasema.

"Basi tembea nayo, baba."

Akatembea nayo, akayazoea. Alipomwoza bintiye aliyatandika vitambaa, wageni wakakaa, wakamsifu kwa kutokodi viti.

Jioni hiyo Profesa alimpaka binti wa kaka yake mafuta viwikoni.

"Shangazi, leo yamefika wapi?"

"Harusini. Moja limekaliwa na bibi harusi."

Mtoto alicheka mpaka akakohoa. Kisha akajilaza kifudifudi sakafuni, akaendelea na hesabu zake.