Mkono wa Spéciose

Jumamosi, wakiisha kufunika cherehani zao, washonaji wa ushirika mmoja wa Muhima, mtaa wa Kigali, walisali Salamu Maria, kisha Damascène, mwenyekiti wao, akafungua kikao. Ilikuwa mwaka 1991.

Zamani, karakana ilipokuwa ya bosi, mtu akiugua asubuhi, jioni kiti chake kilikuwa na mwingine. Kwa hiyo walipoinunua kwa jasho lao waliapa: hakuna atakayepoteza kiti mpaka wanachama wote wainue mikono. Mkono mmoja ukibaki chini, shauri limeanguka.

Spéciose, mwanachama mwenzao, alichukuliwa na wanaume wenye bunduki Oktoba iliyopita. Baadaye mkono wake wa kulia ulirudi peke yake, na subana kidoleni ya kuzuia sindano, ukaendelea kushona kola za sare za shule. Wenzake wakawa wanausogezea kitambaa.

“Jana wale wenye bunduki wameuliza tena kiti hii iko ya nani,” Damascène alisema. “Tukizidi kumwekea, watasema sisi wote ni ibyitso, tunasaidia adui. Tumpe Gwiza, yule anayejifunza kushona.”

“Lakini bado anashona,” Winifred alisema.

“Na haombi chai,” alisema Cassien, mpiga pasi. Wachache walicheka.

“Anashona, ndiyo. Wewe ndiye utaenda kuwaambia wale?”

Mikono ikainuka. Winifred aliubana wake mapajani, akamwomba Bikira Maria aushikilie hapo hapo. Kiti kile kikishatolewa, Kigali nzima haitakuwa na mahali panapomngoja rafiki yake. Wenzake walimtazama. Walikuwa na watoto nyumbani, kama yeye.

Ndipo mkono wa Spéciose ukaweka kitambaa chini, ukainuka. Ndivyo alivyokuwa siku zote: hakupenda mwenzake abaki peke yake mbele ya wengi.

Winifred akainua wake.

“Imepita,” Damascène alisema.

“Afadhali bosi,” Cassien alinong’ona. “Yule tuliweza kumlaumu.”

Jumatatu Gwiza aliketi kwenye kile kiti. Uzi ulimshinda kuingia tunduni. Mkono ukauchukua, ukauingiza.

“Asante, mama,” Gwiza alisema, akaanza kukanyaga cherehani.

Jioni mkono ulivua subana, ukaiacha mezani, ukaenda mpaka mlangoni. Komeo lilikuwa juu, haukulifikia. Winifred aliinuka akaufungulia.