Bibi Aliposhuka Getini

Verdiana aliipanga safari ile kwa miezi minne. Kila alipomaliza zamu wodini kule Mwanza, alijilaza na simu yake akasoma familia nyingine huenda wapi sikukuu, hula nini, watoto huona nini. Mwisho akaamua Serengeti. Alikuwa anaona aibu. Yeye ni mzaliwa wa Kemambo, akisimama mlimani kwao anaiona nyika ile ng'ambo ya Mto Mara, na hajawahi kuikanyaga, wakati wazungu wanatoka kwao kuja kuiona. Zaidi ya hapo, alitaka kumtoa mama yake nyumbani. Tangu baba yake, mzee Marwa, afariki, mwaka wa pili sasa, mama Rhobi alikuwa hatoki ila kwenda shambani na kanisani.

Alipompigia kumwambia, mama akasema, "Sawa, mwanangu. Kama mmeshapanga." Verdiana alidhani ile ni furaha ya mtu mzima, isiyo na makelele.

Siku mbili kabla ya Krismasi, wakiwa wamelala njiani, walimpitia Kemambo alfajiri. Simon, mume wa Verdiana, ndiye aliyeshika usukani wa Noah yao. Beatrice, binti yao wa miaka kumi, alikaa mbele na baba yake. Mama Rhobi alikwenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, maana kwa Wakurya mkwe na mama mkwe hawakaribiani ovyo, hata kwenye gari. Akiwa na neno kwa Simon alilipitisha kwa binti yake, na Simon vilevile, ingawa wote wawili walisikia kila kitu.

Walivuka daraja la Mto Mara, wakanywa chai na maandazi Mugumu, wakashika barabara ya vumbi kwenda hifadhini. Beatrice aliongea njia nzima. Bibi yake alikuwa ameegemea dirisha, na kila walipopita kilima aligeuza shingo kukiangalia mpaka kipotee.

Getini, Simon alishuka na vibali, akaandikisha majina, akarudi. Alipowasha gari, mama alimshika Verdiana bega.

"Mwambie baba Beatrice asimame. Mimi nashuka."

"Unaumwa, mama?"

"Siumwi. Nyie nendeni mkaone wanyama. Nitawasubiri hapa."

Verdiana alikasirika, na alijua kabisa kwamba amekasirika. Miezi minne. Kibali kilikuwa cha siku ile tu. Alimbembeleza, akamwambia hakuna wa kumdhuru ndani ya gari, akamwambia hata mabibi wa kizungu wanaingia. Mama alikwisha kushuka, ameshika pochi yake na kanga mkononi, akitazama chini. Simon ndiye aliyekata shauri. "Kaa na mama," akasema kwa sauti ya chini. "Mtoto nitazunguka naye mimi. Tutawasiliana."

Gari likaingia. Mama na binti wakakaa kwenye benchi la simenti, kila mtu na upande wake.

Kisha mama akaanza kuongea, bila kuulizwa.

"Babu yako aliingia humu hakurudi vizuri," akasema. "Alikuwa mwindaji. Sisi si Wakurya, ni Waikoma, wazee wetu wote walikuwa wawindaji, kabla ya geti na baada ya geti. Mwaka ule kulikuwa na njaa. Akaingia, akakamatwa, akafungwa Musoma. Alipotoka kifua kilikuwa kimeisha. Hakumaliza mwaka."

Verdiana aligeuka. Alijua mama yake si mzaliwa wa Kemambo, alijua ametoka "upande wa Mugumu", na basi. Hakuwahi kumsikia akitamka neno Waikoma.

"Tukabaki na mama, mimi na mdogo wangu Modesta. Modesta alikuwa na miaka mitatu, amevimba tumbo. Ndipo akaja mtu kutoka ng'ambo ya mto na ng'ombe wanane."

"Baba?"

"Baba yako. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Simsemi vibaya, alikuwa mtu mwema, umemjua mwenyewe. Lakini siku ile nilijua nimetolewa ili nyumba yetu ipate kula. Nikamwambia mama sitarudi kwake tena. Nikakaza moyo, nikakaza na ulimi. Lugha yetu sikuisema tena. Mama akafa, nikaletewa habari, sikuja."

"Sasa kwa nini ulikubali safari hii?"

"Nilidhani nitaweza."

Hasira ya Verdiana ilikuwa imeondoka. Akamkunjulia mama kanga, akamfunika mabega, ingawa hakukuwa na baridi. Kisha akauliza, "Na Modesta?"

"Nilisikia kwenye msiba mmoja kule Kemambo, miaka mingi sasa, kwamba ameolewa Morotonga."

"Tulipita karibu na Morotonga asubuhi hii."

"Najua," mama akasema. "Nilikuwa naangalia."

Saa tano hivi likatoka gari dogo la mizigo lililokuwa limepeleka mboga hotelini, linarudi Mugumu. Dereva alikubali kuwapakia. Verdiana hakumsukuma mama. Alisimama tu akafungua mlango, akangoja, na mama akapanda.

Morotonga hawakupata shida. Walimtaja Modesta, binti wa marehemu Machaba, na mwanamke wa dukani akawaonyesha kwa kidole nyumba ya bati nyuma ya shamba la mahindi. Uani palikuwa na mama mnene kidogo, amekaa kwenye kigoda anapepeta ulezi. Verdiana alisimama nyuma. Mama yake alisogea hatua chache, akasema maneno kwa lugha ambayo Verdiana hakuwahi kuisikia ikitoka kinywani mwake. Sauti yenyewe ilibadilika, ikawa ya msichana.

Yule mwanamke aliacha kupepeta. Akajibu kwa Kiswahili, polepole, "Wewe ni nani unayenisemesha kama marehemu mama?"

"Ni Rhobi."

Modesta hakuinuka. Aliweka ungo chini, ulezi ukamwagika, akafunika uso kwa mikono miwili. Rhobi akapiga magoti pale pale kwenye ulezi.

"Nisamehe," akasema. "Sikuja kumzika mama."

"Mama hakuwa na kinyongo nawe," Modesta akasema alipoweza. "Mwenye mzigo ni mimi. Nilikuwa mdogo lakini maziwa yale nayakumbuka. Ng'ombe wako ndio walionilea. Nimekua, nimezaa, na kila nikikama najiuliza, yule aliyetolewa kwa ajili yangu anakula nini leo?"

"Nilikula," Rhobi akasema. "Nilikula vizuri, mdogo wangu. Usilie."

Wakalia wote watatu.

Mchana walipika. Modesta alisonga ugali wa ulezi, akachemsha majani ya kunde kwa magadi, akayaunga kwa maziwa, akaleta na kibuyu cha maziwa ya mgando. Mama alionja mboga, akatafuna taratibu, akachukua tonge lingine. Verdiana, aliyezoea kumwona mama yake akidokoa chakula tangu msiba, alihesabu matonge yake kimoyomoyo mpaka akapoteza hesabu.

Jioni Simon na Beatrice wakafika kwa kuelekezwa kwa simu, wamejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Beatrice alikuwa ameona tembo, twiga, na simba waliolala tu kama ng'ombe wavivu. Bibi yake alimvuta karibu.

"Mlipita kwenye kilima chenye mawe mawili makubwa?"

"Tulipita, bibi. Baba alisimama tukapiga picha."

"Chini yake kuna kijito alichokuwa akikisimulia baba yangu. Kina maji?"

"Kina maji. Kulikuwa na swala wanakunywa."

Mama alitazama picha ile kwenye simu muda mrefu, akampa Modesta naye aangalie. Ndugu wale wawili wakaanza kuongea kwa lugha yao, wakioneshana kwa kidole, hapa, hapa, mpaka Beatrice akachoka kungoja simu.

Krismasi waliila pale Morotonga, wakachinja mbuzi. Hoteli waliyokuwa wamepanga kulala hawakuiona. Siku ya kuondoka, Verdiana alipakia mizigo, akamkuta mama jikoni, hajajifunga hata kilemba.

"Nitabaki nimsaidie Modesta kupalilia," akasema. "Kemambo mwambie wifi yako anilishie kuku."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka tumalize maongezi."

Mama alirudi Kemambo mwishoni mwa Februari, na Modesta alimsindikiza, akavuka naye mto mpaka mlangoni kwake.