Maji Kaburini kwa Karugendo

Klaudia alikuwa keshaupita mgomba wa mwisho, mkeka kichwani, rozari mkononi, nami nyuma yake nikihema.

"Rudi, shemeji," akasema bila kugeuka. "Mguu wako haujawahi kukaa nyumba moja mwaka mzima. Leo wewe wa kunifundisha kukaa?"

"Ukiondoka, hapa kibanjani, nyumbani na migombani, anabaki nani?"

"Abaki mwenyewe. Si ameamka?"

Mwenyewe ni mumewe, Karugendo, mdogo wangu, tuliyemzika mbele ya nyumba pale Kishanda. Mwanawe Gozbert, anayekaa Miembeni, Bukoba mjini, alimjengea kaburi la marumaru, aking'oa migomba iliyolizunguka na kupanda ukoka kama wa hoteli. Kiangazi kikaja. Ukoka ukanywa maji kuliko ng'ombe, na bili ikampandisha Gozbert presha. Ndipo akaleta kisanduku, akakifunga ukutani pamoja na koki, akatia kufuli, ufunguo akaondoka nao. Akatuambia kina akili: kinaisoma ardhi, ikikauka kinafungua maji, ikilowa kinafunga, hakuna tone la bure. Wanaume tukaonyeshwa kwenye simu. Mama yake alikuwa jikoni anamenya ndizi. Hakuna aliyemwita.

Mwanzoni maji yalirushwa alfajiri, kidogo, yakakoma. Klaudia aliruka kitandani, akidhani ni mumewe analia kaburini, akasali. Baadaye yakawa hayakomi. Mchana kutwa yanarushwa juu ya kaburi, ukoka ukawa tope, marumaru yakapasuka, na kaburi likaanza kuzama upande mmoja, upande wa mlango wa Klaudia. Gozbert alikuwa safarini Mwanza, simu haipatikani. Nilipokanyaga karibu na kaburi, udongo ulinivuta mguu hadi goti. Mimi nimelala makaburini Karagwe nikaamka nimeshiba usingizi. Lakini pale nilitoka natambaa, na ndala nikaiacha.

Barabarani Klaudia aliutua mkeka, akakaa juu yake.

"Kinachoniua, shemeji, uchawi nimeshautoa. Mbona bado analia?"

"Uchawi gani?"

"Ule msumari mweusi! Walimchomekea miguuni pa kaburi. Nikaung'oa, nikautundika jikoni kwenye uchaga, juu ya meko, moshi uumalize nguvu. Ndivyo mama alivyotufundisha. Kitu cha adui hakitupwi, kinakaushwa."

Nikamtazama. "Maji hayakomi tangu siku hiyo?"

"Tangu siku hiyo."

"Klaudia, kile ni kijiti cha Gozbert. Ndicho kinachoionja ardhi na kukiambia kisanduku, bila waya. Umekikausha kwenye moshi, kisanduku kinadhani shamba zima limeungua."

"Na wewe ulijua, ukanyamaza?"

"Sikujua umekigusa."

Tukarudi. Yeye alisimama mbali, kwenye mibuni, rozari mdomoni. Nilikitoa kijiti kwenye uchaga, kikavu, cha moto kama kuni, nikatambaa nacho, nikakidunga topeni miguuni kwa mdogo wangu. Nikangoja huku maji yananipiga usoni. Yakapungua. Yakakoma.

"Unaona?" nikampigia kelele. "Kijiti tu!"

Ule ukimya haukuwa mzuri. Hata ndege hawakulia. Ndipo chini ya marumaru kitu kikadondoka, kizito, du, na kaburi lote likainama kidogo zaidi kuelekea mlangoni.

Klaudia alikuwa ameshaubeba mkeka.

"Na hilo, shemeji? Nalo ni kijiti?"

Nilitaka kusema ni udongo uliolowa. Badala yake nikatambaa kinyumenyume kutoka kaburini.

Klaudia yuko Kaagya kwa dada yake Alistidia, na hajarudi. Gozbert alimwelewesha mara nyingi. Mama yake humsikiliza, kisha humuuliza kama amekula. Kaburi lilijengwa upya. Ukoka uling'olewa, migomba ikarudishwa. Kisanduku kiko Miembeni, kinamwagilia ukoka wa Gozbert vizuri, na bili imeshuka. Mimi nililinda nyumba mpaka mvua za vuli, nikilala mlango wa nyuma, kisha nikaondoka. Ndizi wanakata majirani. Nyumba imefungwa.